Karani Aliandika Nini? Kusoma Maneno ya Sensa na Rejista za Kikoloni Unapotafuta Ukoo

Wengi wanaoingia katika jengo la Nyaraka za Kitaifa, lile lililoko kati ya Moi Avenue na barabara ya Tom Mboya ambalo wakazi wa Nairobi hulitaja tu kama Archives, huwa wamekuja na ombi moja: waonyeshwe sensa ya zamani iliyo na jina la babu yao. Ombi hilo lina mantiki yake, kwa kuwa katika nchi kama Uingereza fomu za sensa zenye majina ya watu wa kila nyumba hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 100, na watu huzitumia kufuatilia ukoo vizazi kadhaa nyuma. Kwa Kenya mambo hayako hivyo. Sensa za 1911, 1921, 1926 na 1931 ziliwahusu Wazungu, Wahindi, Wagoa, Waarabu na wengine wachache ambao serikali haikuwaita wenyeji, ilhali idadi ya Waafrika ilikadiriwa tu kutokana na hesabu za kodi. Waafrika walihesabiwa nchini kote kwa mara ya kwanza mwaka wa 1948, ambapo idadi ya watu wote ilifika takriban milioni 5.4, kisha wakahesabiwa tena mwaka wa 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Kilichobaki mikononi mwa umma ni vitabu vya majedwali vyenye jumla za wilaya, makabila na jinsia, bila jina la mtu hata mmoja.

Majina yamo kwingine: katika rejista za kodi ya nyumba, karatasi za kipande, mikataba ya wafanyakazi wa mashamba ya walowezi, vitabu vya ubatizo, mafaili ya mahakama na barua za machifu kwa DC, yaani mkuu wa wilaya. Hata hivyo, anayefungua mafaili hayo hukutana na msamiati ule ule wa majedwali ya sensa, na hapo ndipo watafutaji wengi hukwama au, vibaya zaidi, hupotea huku wakiamini wamefika. Ninashikilia jambo moja katika makala haya. Kila neno ambalo karani aliliandika kando ya jina la mtu lilikuwepo kwa sababu sheria fulani ililihitaji, kwa hiyo kabla ya kuuliza neno hilo linasema nini kuhusu babu, uliza lilimtambulisha kwa ajili gani: alipe kodi ipi, ashtakiwe katika mahakama ipi, aishi wapi, abebe karatasi gani.

Neno "native" ndilo mzizi wa yote. Leo tunalisikia kama tusi, na mara nyingi lilitumiwa hivyo, ila ndani ya rejista lilikuwa daraja la kisheria. Aliyewekwa katika daraja hilo alilipa kodi ya nyumba iliyoanzishwa mwaka wa 1901 au kodi ya kichwa iliyoongezwa mwaka wa 1910, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, akiwa mwanamume wa miaka 16 au zaidi, alilazimika kubeba kipande, ile karatasi yenye alama za vidole na majina ya waajiri ambayo wengi waliitundika shingoni ndani ya kikopo cha bati. Watu walikuwa na kila sababu ya kupigania wasiandikwe hivyo. Wasomali walipata sheria ya mwaka wa 1919 iliyowaruhusu baadhi yao kutohesabiwa wenyeji kwa shughuli fulani. Huko Mombasa, watu wa Thenashara Taifa, yaani yale mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa mji huo, walidai kwa miaka mingi watambuliwe kuwa Waarabu, kwa kuwa Mwarabu hakuwa "native" na Mswahili alikuwa. Familia moja ya pwani inaweza basi kuonekana "Swahili" katika karatasi moja na "Arab" katika nyingine, kaka huku na mdogo wake kule, pasipo mtu yeyote kati yao kubadilisha nasaba wala kusema uongo. Kilichobadilika ni faida ya kuandikwa namna fulani katika mwaka fulani.

Hapa Nairobi neno "Swahili" lina mtego wake wa ziada. Kabla ya Pumwani kuanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, Waafrika wa mji huu waliishi katika vijiji kama Pangani, Mji wa Mombasa, Maskini na Kaburini, na wengi wao, wakiwemo wanawake waliotoka Kiambu, Murang'a na Ukambani na kujijengea nyumba za kupangisha, walisilimu wakachukua majina mapya. Katika karatasi za nyumba au za mahakama mwanamke kama huyo huonekana kwa jina la Kiislamu, na kabila lake likaandikwa "Swahili", hata kama nduguze wa kijijini walimwita Wanjiru hadi kufa kwake. Ukikuta ameandikwa "binti Abdallah", usikimbilie kumtafuta mzee Abdallah wa pwani aliyekuwa babake. Mara nyingi aliyesilimu alipewa nasaba hiyo kwa desturi tu, kwa kuwa baba yake mzazi hakuwa Mwislamu na jina lake halikutumika. Nimeona watu wakijenga matawi mazima ya ukoo juu ya Abdallah asiyekuwepo, na inasikitisha, kwa sababu muda huo wangeutumia kuwauliza wazee wa Pumwani nani alikuwa ndugu ya nani.

Neno "Sudanese" nalo humrudisha msomaji Kibra. Askari wa asili ya Sudan waliotumikia jeshi la Waingereza walipewa makao huko mwanzoni mwa karne iliyopita, na mwaka wa 1918 eneo hilo likatangazwa rasmi kuwa la kijeshi. Vizazi vyao ndio Wanubi wa leo. Katika karatasi za zamani utawakuta kama "Sudanese", "Nubian" au hata "Swahili" kwa sababu ya lugha na dini, na baadaye, katika sensa za baada ya uhuru, walizama ndani ya fungu la wengineo hadi walipohesabiwa kwa jina lao mwaka wa 2009.

Majina ya makabila yanahitaji ramani yake. "Kavirondo" halikuwa kabila. Lilikuwa jina la watu wote wa kuzunguka ghuba ya Ziwa Victoria upande wa Kenya, na makarani waangalifu waliligawa katika Kavirondo wa Kibantu, ambao leo tungewaita Waluhya, na Kavirondo wa Kiniloti, yaani Wajaluo. Karani asiye mwangalifu aliandika "Kavirondo" akaachia hapo, na hapo jina la mtu mwenyewe pamoja na lokesheni yake, yaani eneo la chifu wake, ndivyo vitakavyoamua. "Lumbwa" ni Wakipsigis, na stesheni ya reli iliyokuwa na jina hilo leo ni Kipkelion. "Suk" ni Wapokot. "Nyika" ni Wamijikenda. "Dorobo" lilitokana na neno la Wamaasai la kuwataja watu wasio na ng'ombe, na liliwakusanya wawindaji na warina asali wa misitu mbalimbali, wakiwemo Waogiek, chini ya jina ambalo wao wenyewe hawakulichagua. Kwa upande mwingine, usitafute "Kalenjin" katika rejista ya mwaka wa 1925, kwa sababu jina hilo lilianza kutumika kama jina la pamoja katika miaka ya 1940, na hata sensa ya 1969 bado iliwaorodhesha Wakipsigis, Wanandi, Watugen na wengine kila mmoja kivyake. Ni sensa ya 1979 iliyowaunganisha. Mtu anayelinganisha majedwali hayo mawili bila kujua hilo anaweza kudhani kabila zima lilizuka katika muda wa miaka 10.

Mahali pia palihama bila watu kuhama. Hadi mwaka wa 1902 Kisumu na Naivasha zilikuwa chini ya Uganda, na kwa hiyo aliyezaliwa Kisumu mwaka wa 1900 alizaliwa Uganda kwa mujibu wa karatasi ingawa familia yake haikuwahi kuvuka mpaka wowote. Mtego mwingine wa aina hiyo ni herufi "U.R." kando ya kazi ya mtu. Hiyo ni Reli ya Uganda, iliyofika Nairobi mwaka wa 1899 na Kisumu mwaka wa 1901, na aliyeajiriwa nayo huenda hakufika Uganda maisha yake yote, maana karakana na ofisi kuu zilikuwa papa hapa. Baadaye shirika hilo likawa la Kenya na Uganda, kisha mwaka wa 1948 likawa Reli na Bandari za Afrika Mashariki, hivyo herufi zilizotumika zinaweza kukusaidia kukisia umri wa karatasi isiyo na tarehe. Fedha pia husaidia. Karatasi inayotaja rupia kama fedha ya siku zile ni ya kabla ya mabadiliko ya 1920 na 1921, yalipokuja florini kwa muda mfupi na kufuatiwa na shilingi.

Tuchukue sasa mstari mmoja, niliobuni kwa ajili ya kufundishia, tuusome polepole: "Mwangi bin Karanja, Kikuyu, F.H., Loc. 10, huts 3, app. age 35", na pembeni kiasi cha kodi kwa rupia. F.H. ni Fort Hall, yaani Murang'a, na herufi hizo hizo utazikuta katika namba za mafaili ya Nyaraka za Kitaifa, ambako DC/FH ni mafaili ya mkuu wa wilaya ya Fort Hall kama DC/KBU yalivyo ya Kiambu. Lokesheni za Murang'a zilipewa namba, na wapo wenyeji wa huko ambao hadi leo hutaja nyumbani kwao kwa namba hiyo, kwa hiyo "Loc. 10" ni dokezo la thamani kubwa kuliko neno "Kikuyu" lililotangulia. Huyo "bin" hamfanyi Mwangi kuwa Mwislamu. Ilikuwa njia ya makarani, waliozoea uandishi wa pwani, kuandika "mwana wa", na mwingine angeandika "wa" au "s/o" bila tofauti yoyote ya maana. Kwa mstari wa Mkalenjin ungekuta "arap", nayo hufanya kazi hiyo hiyo.

Rupia zinatuambia mstari huu ni wa kabla ya miaka ya 1920 kushika kasi. Zile nyumba tatu zinataka utulivu zaidi, kwa kuwa wengi husoma "huts 3" na kuandika papo hapo kwamba babu alikuwa na wake watatu. Kodi ilitozwa kwa nyumba, na mwenye boma ndiye aliyeidaiwa. Nyumba moja huenda ilikuwa ya mama yake mjane, nyingine ya mjane wa kaka yake aliyemrithi kwa desturi, nyingine ya mke wake wa pekee. Idadi hiyo inathibitisha wajibu wa kodi wa mwanamume mmoja, na kuhusu ndoa inatoa dokezo tu ambalo ni lazima lithibitishwe na simulizi za nyumbani au na mstari wa mwaka unaofuata.

"App. age" ni umri wa kukisia. Ofisa alimtazama mtu usoni akaandika namba, na kwa kuwa namba hiyo iliamua kama kijana angetozwa kodi ya kichwa na kubeba kipande, pande zote mbili zilikuwa na sababu ya kuisukuma juu au kuivuta chini. Kwa umri, mimi huliamini rika kuliko karani. Kwa Wakikuyu kila kundi la waliotahiriwa pamoja lilipewa jina kutokana na tukio la wakati huo, na waliotahiriwa mwaka wa 1940 bado hukumbukwa kama rika la forty. Njaa nazo zina majina. Njaa ya Ruraya ilikuwa mwishoni mwa karne ya 19, ya Kimotho ikaja karibu na mwaka wa 1918, wakati ule ule wa homa kubwa ya mafua iliyoua wengi, na ya Mianga ilikuwa karibu na mwaka wa 1943. Bibi akikwambia mumewe alitahiriwa baada ya njaa fulani, amekupa tarehe bora kuliko ya serikali. Kwa sababu hiyo hiyo, ukiona tarehe ya kuzaliwa ya 1 Januari katika kitambulisho cha mzee, ichukue kama kisanduku kilichojazwa kwa kuwa kilihitaji kujazwa.

Jina lenyewe la Mwangi bin Karanja linaficha hatari ambayo ningependa kila mtafutaji wa ukoo wa Kikuyu aijue mapema. Kwa desturi mwana wa kwanza hupewa jina la babu yake mzaa baba. Karanja humzaa Mwangi, Mwangi humzaa Karanja, na huyo Karanja naye humzaa Mwangi mwingine, ambaye kwa karatasi ni "Mwangi bin Karanja" sawasawa na babu yake. Mistari miwili yenye jina moja katika lokesheni moja, iliyoachana kwa miaka 40, ina uwezekano mkubwa wa kuwa ya babu na mjukuu. Ongezea tahajia ya makarani waliosikia lugha ambayo si yao, wakaandika Gishuru na Gichuru, Mbogwa na Mbugua, au kwa Wajaluo Othiambo badala ya Odhiambo, na utaona kwa nini namba ya lokesheni, jina la chifu na rika ni muhimu kuliko herufi za jina.

Katika safu ya kazi, "boy" lilimaanisha mfanyakazi wa nyumbani au wa shambani wa umri wowote, hata mwenye wajukuu. "Carrier" humpeleka mtu kwenye kikosi cha wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, kikosi kilichouachia mtaa wa Kariokor jina lake. "Squatter" lina uzito zaidi, kwa sababu leo tunalisikia kama mvamizi wa ardhi ya mwenyewe, wakati katika karatasi za mashamba ya Bonde la Ufa lilikuwa neno la mkataba. Sheria ya 1918 ilimruhusu mtu kuishi na kulima katika shamba la setla kwa sharti la kumfanyia kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Familia iliyoandikwa hivyo Nakuru au Naivasha huwa na nyumbani kwingine, Kiambu au Murang'a au Nyeri, na faili la nyumbani ndilo huenda likawa na chifu na mbari yake, yaani tawi lake la ukoo.

Kwa familia za Kihindi na Kigoa kazi ni tofauti kidogo, kwa kuwa wao walihesabiwa tangu mwanzo. Wagoa waliwekwa safu yao wenyewe kwa sababu walikuwa raia wa Ureno, iliyotawala Goa hadi Desemba 1961, ingawa jirani zao wa Nairobi waliwaona kuwa Wahindi. Sensa ya 1948 iliwahesabu Wahindi na Wagoa 97,687 kwa jumla. "Indian" katika majedwali ya kabla ya 1947 linawajumuisha watu wa Punjab yote, hata ile ambayo sasa iko Pakistan, kwa hiyo neno hilo pekee halikuambii leo uandike barua nchi gani kutafuta kijiji cha asili.

Miaka ya Hali ya Hatari, 1952 hadi 1960, ilileta msamiati wake. Herufi KEM ni Kikuyu, Embu na Meru, na ziliandikwa kwa watu waliowekewa masharti ya pekee, hasa Nairobi baada ya msako mkubwa wa Aprili 1954. "White", "grey" na "black" katika faili la aliyezuiliwa ni madaraja ya wapelelezi kuhusu jinsi walivyomdhania kushikamana na Mau Mau, na yalibadilika kadiri alivyohamishwa kutoka kambi hadi kambi. Kijiji kinachotajwa kuwa makazi yake mwaka wa 1955 mara nyingi ni kile watu walichokusanywa kwa nguvu, mbali na shamba la ukoo. Sehemu ya mafaili ya kipindi hicho ilisafirishwa Uingereza kabla ya uhuru, ikatajwa hadharani mwaka wa 2011, na sasa iko katika hifadhi ya taifa ya nchi hiyo huko Kew, kwa hiyo kukosa faili Nairobi si ushahidi kwamba halikuwahi kuandikwa.

Wanawake ndio waliopotea zaidi katika karatasi hizi, na ningeomba mtafutaji awape muda mwingi kuliko anavyopanga. Kipande kilikuwa cha wanaume. Kitambulisho kilichokirithi baada ya sheria ya 1947 kiliendelea kuwa cha wanaume hadi wanawake walipojumuishwa mwaka wa 1978. Katika rejista ya kodi bibi hana jina: yeye ni moja ya zile "huts 3", na katika karatasi ya mahakama yeye ni "w/o", mke wa fulani, au "d/o", binti wa fulani. Jina lake kamili hutafutwa kwa milango mingine. Vitabu vya ubatizo na vya ndoa vya misheni ndivyo vya kuanza navyo, na herufi zake si ngumu: C.M.S. (Church Missionary Society) ilikuwa Kabete na Kahuhia, C.S.M. (Church of Scotland Mission) ni Waskoti wa Thogoto, A.I.M. (Africa Inland Mission) ni Kijabe, G.M.S. (Gospel Missionary Society) ni Kambui. Tafuta mwaka waliobatizwa watoto kabla ya kutafuta wake mwenyewe, kwa kuwa mama wa mtoto anaweza kutajwa hata kama yeye hakuwahi kubatizwa. Kisha tafuta kesi za mahari na za mashamba katika mahakama za wenyeji, ambako wanawake walisimama kutoa ushahidi na karani alilazimika kuandika majina yao, ya baba zao na ya mbari walikotoka.